Mcheza Kwao Hatuzwi

Kila ifikapo katikati ya mwaka, ligi ikiwa imekwisha na nyasi za viwanja zikiwa zimepumzika, huanza msimu mwingine usiochezwa kwa miguu. Ni msimu wa majina. Magazeti ya michezo huyapanga kwa wino mwekundu, redio huyakariri tangu alfajiri, na vijiweni watu wazima hugombana juu ya kijana wa Abidjan au wa Kinshasa ambaye hakuna hata mmoja wao aliyepata kumwona akigusa mpira. Jina likitangazwa huwa dua. Mwenye jina hulakiwa kiwanja cha ndege kwa ngoma, huvishwa skafu, hupigwa picha. Miezi mitatu haijapita, dua imegeuka laana: hana mbio, ni majeruhi, umri wake wa mwilini umeupita umri wake wa karatasini. Hapo macho yote humgeukia mtu mmoja ambaye hapigi penalti wala hapulizi filimbi, naye ni mkuu wa usajili, mwenyekiti wa kamati ya usajili, au kwa lugha ya siku hizi, skauti.

Katika soka ya Tanzania hapana mtu asemwaye kama huyu. Refa hutukanwa dakika 90 akasahauliwa. Kocha hutukanwa hadi afukuzwe, na akishafukuzwa huonewa huruma. Mtu wa usajili hutukanwa mwaka mzima, masika na kiangazi. Husemwa amekula cha juu, husemwa amefunga ndoa na mawakala, husemwa hajui mpira hata kidogo. Huenda mengine yana ukweli, na mengine ni uzushi wa mtu ambaye timu yake imefungwa jana. Lakini mashitaka yote hayo yana kasoro moja: humshitaki mtu huyo kwa wale aliowaleta. Kosa lake kubwa liko kwa wale ambao hakwenda kuwatazama. Na kwa kosa hilo hapana anayemshitaki, kwa kuwa waliodhulumiwa hawana gazeti wala redio, na sauti zao hazifiki Kariakoo. Wako mahali kama Vugiri.

Vugiri ni kata ya milimani katika Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, katika safu ya Usambara Magharibi. Chini yake tambarare ya Korogwe imetandazwa mkonge, na mto Pangani unapita ukielekea baharini. Juu kuna baridi, ukungu, migomba na chai. Ni nchi ya Wasambaa. Katika milima ya namna hiyo ardhi bapa ni adimu, hivyo uwanja wa mpira hukatwa ubavuni mwa kilima, na mpira ukitoka nje hufuatwa bondeni. Mtoto aliyejifunza kumiliki mpira mahali hapo, kwa miguu mitupu, hakufundishwa na mwalimu mwenye cheti. Amefundishwa na uchovu wa kuteremka na kupanda. Nani amekwenda kumtazama? Jina lake limeandikwa wapi? Haya ni maswali mawili mepesi, na mkuu wa usajili wa klabu yoyote ya Mkoa wa Tanga angepaswa kuyajibu kabla ya kuulizwa lolote kuhusu Abidjan.

Wala mkoa wenyewe si mgeni wa soka. Coastal Union ya Tanga iliundwa mwaka 1948, na mwaka 1988 ikautwaa ubingwa wa Tanzania Bara, jambo ambalo klabu chache mno nje ya Dar es Salaam zimepata kulifanya. Jina lake la utani ni Wagosi wa Kaya, na hapa mpenzi wa lugha hana budi kusimama kidogo. Mgosi si neno la mwambao. Ni neno la watu wa Bonde na wa milimani, maana yake mwanamume. Na kaya ni maskani, ni nyumbani. Yaani klabu iliyozaliwa mjini, pembezoni mwa bahari, ilipotaka jina la kujivunia ilipanda mlimani kulitafuta. Jina liliposhuka, watoto wenye lugha hiyo walibaki huko huko juu. Klabu iliazima ulimi wa kaya ikaisahau miguu yake.

Malipo ya usahaulifu yalikuja kwa jumla mwaka 2016. Katika msimu wa 2015/16 Mkoa wa Tanga ulikuwa na timu tatu katika Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports, na Mgambo JKT ya Handeni. Mei 2016 msimu ulipofungwa, timu zilizoshuka daraja zilikuwa tatu, nazo zilikuwa ndizo hizo hizo tatu. Mkoa mzima ulifagiliwa kwa fagio moja. Palikuwa na kilio, palikuwa na lawama kwa viongozi, kwa makocha, kwa waamuzi. Lakini ni wachache waliouliza swali la mkulima: je, shamba lilipandwa? Timu tatu za mkoa mmoja zikishuka kwa pamoja, maradhi hayako katika timu moja wala kwa kocha mmoja. Yako katika udongo ambao haujalimwa, na mwenye jembe ni yule yule wa usajili.

Neno lenyewe, usajili, linamhukumu. Kusajili ni kuandika katika daftari. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kuliweka jina la mtu katika maandishi ili lisipotee. Cheti cha kuzaliwa husajiliwa, ndoa husajiliwa, shamba husajiliwa. Anayesajili ni mwandishi na mtunzaji wa kumbukumbu. Katika soka neno hilo limevuliwa nguo zake na kuvishwa za sokoni, hata sasa "kusajili" ni kununua, na "usajili mkubwa" ni ununuzi wa bei kubwa. Mwandishi amekuwa dalali. Dalali si mtu mbaya kwa kazi yake, ila hutazama kile kilicholetwa sokoni, na ambacho hakijaletwa kwake hakipo. Wahenga walikwisha kusema: asiyekuwapo na lake halipo.

Tena dalali huyu hata daftari alilobaki nalo halishiki vizuri. Mifano ipo, na wapenzi wa soka wanaikumbuka. Januari 2013 Simba ilimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Fedha hazikuja. Mwaka haujaisha, Okwi akavaa jezi ya Yanga, mtani wa jadi, na wanachama wa Simba wakawaka moto: nani amekula fedha za Okwi? Kumbe hakuna aliyekuwa amezila, kwa sababu zilikuwa hazijalipwa. Na hatimaye ilikuwa ni FIFA, kwa kusoma mkataba, iliyoiamuru klabu ile ya Tunisia ilipe. Karatasi ilijibu kile ambacho kelele zilishindwa kujibu. Mwaka 2015 Simba iligombana na kijana wake Ramadhani Singano: yeye alisema mkataba wake ni wa miaka miwili, klabu ikasema ni wa miaka mitatu, shauri likafikishwa TFF, na mwishowe mchezaji akaenda zake Azam. Juni 2024 Simba ilimtangaza beki wa Coastal Union, Lameck Lawi, kuwa ni wake. Coastal ikajibu kwamba malipo hayakutimizwa kwa wakati uliokubaliwa, na shauri likarudi tena TFF. Miaka kumi na zaidi imepita kati ya shauri la kwanza na la mwisho, na maradhi ni yale yale: ofisi yenye jina la maandishi imeshindwa na maandishi.

Nguvu ya kalamu katika soka haipaswi kumshangaza Mtanzania. Mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi, bingwa mtetezi wa Afrika, iliitoa Simba uwanjani katika Ligi ya Mabingwa. Simba ikakata rufaa kwamba Mazembe ilimchezesha Janvier Besala Bokungu ambaye usajili wake haukuwa halali, na CAF ikamwondoa bingwa mashindanoni. Mabao hayakuweza, daftari liliweza. Na katika mechi zile zile, Mazembe walimwona kijana wa Simba aitwaye Mbwana Samatta, wakamchukua mwaka huo huo. Mwaka 2015 alikuwa nao walipotwaa ubingwa wa Afrika, Januari 2016 alikwenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa. Yafaa kukumbuka kwamba Wakongo hawakumpata Samatta kwa kutumiwa kanda wala kwa kusimuliwa na wakala. Walimwona kwa macho yao, akiwafunga. Kusikia si kuona.

Wapo watakaosema kwamba safari ya kwenda Vugiri ni ndoto ya washairi, na kwamba klabu haziendeshwi kwa huruma. Basi na ihesabiwe kama biashara. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya miaka 12 na 15 una fungu lake, na kila mwaka kati ya 16 na 23 una fungu kubwa zaidi. Klabu ndogo iliyomlea mtoto tangu miaka 12 hadi 15, kisha siku moja akauzwa kwa dola 1,000,000, ina haki ya dola 10,000. Kwa klabu ya kijijini hizo si fedha za kudharau: ni mipira, ni jezi, ni uwanja uliosawazishwa. Lakini haki hiyo haimwendei aliyemlea mtoto. Humwendea aliyemlea na akaandika. Asiye na usajili wa mtoto, wenye tarehe na jina la klabu, hupewa pongezi tu. Kwa hiyo kila mwaka ambao kijana wa milimani anacheza bila jina lake kuandikwa popote, kata yake inapoteza urithi ambao hata haijui kwamba inao. Huo ndio wizi mkubwa kuliko cha juu chochote kinachosemwa vijiweni, na unatendeka bila mtu kunyoosha mkono.

Hoja ya pili ya watetezi wa ofisi hiyo ni ya mafanikio. Watasema: wageni wameinua soka. Idadi yao inayoruhusiwa katika klabu ilikuwa 5, ikawa 7, ikawa 10, ikawa 12, na tangu hapo klabu za Tanzania zimekuwa zikiheshimiwa barani. Coastal Union yenyewe, baada ya kurudi Ligi Kuu mwaka 2018, ilishika nafasi ya nne msimu wa 2023/24 na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, huku langoni akiwa Mkongo, Ley Matampi, aliyekuwa kipa bora wa msimu ule. Hayo ni kweli, na asiyeyakiri ni mshindani, hatafuti haki. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hii ni ya Waswahili wenyewe, watu walioishi kwa kupokea wageni na pepo za misimu tangu zamani.

Ila methali hiyo ina masharti, na anayefanya kazi ya kufasiri anayajua. Mwalimu Nyerere alipomfasiri Shakespeare, *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, hakuna aliyelalamika kwamba mgeni ameletwa. Aliletwa na mtu aliyeijua lugha yake, akajua ni chumba gani ndani ya nyumba kilikuwa kitupu. Mfasiri mbaya hujulikana kwa dalili moja: huazima neno la kigeni kwa kitu ambacho lugha yake tayari ina jina lake. Haazimi kwa uhitaji. Huazima kwa sababu hajui kilichomo ndani. Mkuu wa usajili anayekwenda Afrika Magharibi kutafuta winga, hali hajui kama kuna winga Korogwe, Handeni au Lushoto, ni mfasiri wa namna hiyo. Mashabiki humlaumu kwa kuwa mgeni aliyemleta ni dhaifu. Angekuwa hodari, wangemsifu, na ujinga wake wa nyumbani ungebaki pale pale, umefunikwa na mabao. Asiyejua alichonacho hawezi kujua alichopungukiwa. Kila mgeni wake ni kamari, hata anayeshinda.

Januari 2024 Simba iliwaacha washambuliaji wawili wageni, Moses Phiri na Jean Baleke, ikawaleta wageni wengine wawili, Freddy Koublan na Pa Omar Jobe. Ilikuwa miezi miwili tu tangu Yanga iifunge Simba mabao 5 kwa 1, tarehe 5 Novemba 2023, na uchungu ulikuwa bado mbichi. Msimu ulipokwisha bila ubingwa, hasira za mashabiki ziliushukia uongozi, hadi Juni 2024 wajumbe wa bodi wakajiuzulu. Mjadala wote ule, magazetini na vibarazani, ulikuwa ni kama mgeni huyu alikuwa bora kuliko mgeni yule. Swali la pili, kwamba huenda pengo lile lingezibwa na mtu aliyekuwa umbali wa safari ya basi, halikupata hata kiti cha nyuma. Hivyo ndivyo ofisi inavyowafundisha mashabiki wake kufikiri: hubadili bidhaa, nao hubadili matusi.

Hoja ya tatu ni ya umbali na gharama. Inasemwa kwamba klabu haina fedha za kumtuma mtu kuzunguka milimani kutazama watoto. Kutoka Uwanja wa Mkwakwani hadi Korogwe mjini ni takriban kilomita 100, njia ya lami. Kutoka hapo kupanda Vugiri ni mwendo wa mlima ambao wachuma chai na wauza ndizi huukabili bila posho. Nauli yake yote haifiki bei ya chakula cha mchana cha wakala mmoja katika hoteli ya mjini. Wala hapana haja ya kuanza na kurunzi gizani. Walimu wa shule za msingi huwapeleka watoto katika mashindano ya UMITASHUMTA, wale wa sekondari katika UMISSETA, ngazi kwa ngazi hadi taifa. Mwalimu wa michezo wa kata anamjua kila mtoto mwenye mguu wa kushoto unaozungumza. Anachokikosa ni mtu wa kumwambia, na daftari ambamo neno lake litaandikwa. Klabu inayodai haina fedha za mlima ieleze ilipata wapi fedha za ndege.

Na ya nne, ambayo ndiyo yenye hila kuliko zote, ni kwamba kipaji cha kweli hakifichiki. Chanda chema huvikwa pete, basi aliye bora atajitokeza mwenyewe. Watu wa visiwani wana jibu la hoja hii katika historia yao. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kijijini, akaja mjini Unguja akiuza vyungu. Alikuwa na sauti tangu siku ya kwanza. Lakini sauti ile ingekufa na vyungu vyake lau asingekutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyemsikiliza, akatambua alichokisikia, akamfundisha uimbaji na kumkutanisha na wapigaji wenzake. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri, na Shaaban Robert, mtoto wa Tanga, akaja kumwandikia wasifu. Watu husimulia habari ile kama habari ya kipaji. Ni habari ya kipaji na sikio. Chanda kilikuwa chema, ila pete haikuruka yenyewe kutoka sandukuni. Ni Siti wangapi walioteremka na vyungu vyao na kupanda navyo tena, bila mtu kusimama njiani? Hilo halijulikani, na kutojulikana kwake ndio msiba wenyewe.

Mashabiki nao wana hesabu ya kutoa. Hasira yao ni haki, kwani wao ndio walipao kiingilio, wanunuao jezi, wapandao lori usiku kufuata timu. Lakini namna wanavyoitumia humwokoa yule wanayetaka kumwangusha. Tusi halijibiwi, na kisichojibiwa hakimfungi mtu. Mwenye ofisi akitukanwa hukaa kimya wiki mbili, timu ikashinda mechi moja, mambo yakaisha. Mwambao una mila bora kuliko hiyo. Katika uchaguzi wa Lamu wa mwaka 1974 na wa marudio yake mwaka 1975, watu walishindana kwa tungo zilizokuja kujulikana kwa jina la Kimondo, na Mahmoud Ahmed Abdulkadir, Ustadh Mau, akiwa miongoni mwa watunzi wake. Tungo zile zilikuwa kali, zilikata. Lakini zilikata kwa hoja: ziliweka shitaka, zikamlazimisha mshitakiwa atunge jibu, na jibu likapimwa hadharani na watu wanaojua vina na wanaojua ukweli. Shairi la malumbano ni mahakama. Tusi ni jiwe lililorushwa gizani.

Basi lau mashabiki wa Tanga, na wa kwingineko, wangetaka kumfunga mkuu wao wa usajili kwa kamba asiyoweza kuikata, wangemuuliza mambo matatu tu, nao wamuulize kila mwaka katika mkutano mkuu wa wanachama, mbele ya wote. Kwanza: ni kata ngapi za mkoa huu zimetembelewa msimu huu, na nani alikwenda? Pili: lioneshwe daftari la vijana, lenye majina, tarehe za kuzaliwa, shule na mahali watokako, na kama ukurasa wa Vugiri ni mtupu, aseme ni kwa sababu hapakuwa na kitu au kwa sababu hapakuwa na mtazamaji. Tatu: kwa kila mgeni aliyesajiliwa, ataje wenyeji aliowatazama kwanza kwa nafasi hiyo hiyo, na kwa nini hawakufaa. Mtu mwaminifu atayajibu kwa dakika kumi. Asiye mwaminifu hatakuwa na pa kujificha, kwa kuwa hakuna bao litakalomfunika.

Wala asidhani msomaji wa Unguja na Pemba kwamba habari hii ni ya ng'ambo ya maji. Feisal Salum alitoka JKU, Ibrahim Hamad, Bacca, alitoka KMKM, na wote wakavuka kwenda Yanga wakawa nguzo. Visiwa hujivunia kuwaona, na vina haki. Mwaka 2017 Zanzibar ilipewa uanachama wa CAF mwezi Machi, ikanyang'anywa mwezi Julai, na machozi yalimwagika kwa haki pia. Lakini bendera ni jambo moja na daftari ni jingine. Hakuna aliyewakataza wakuu wa klabu za visiwani kuandika majina ya watoto wa Makunduchi, wa Micheweni na wa Mkoani, wenye miaka 12, ili atakapovuka mmoja wao na kuuzwa mbali, kijiji chake kisibaki na picha ya gazeti ukutani peke yake. Anayelilia kutambuliwa na dunia aanze kwa kuwatambua wa kwake.

Waswahili wanasema mcheza kwao hutuzwa. Ni methali ya ngoma: mchezaji mahiri akiingia uwanjani, jamaa zake hujongea na kumtunza kwa fedha na leso, kwa kuwa wanamjua, wanalijua jina lake na la mamaye. Katika soka ya nyumbani methali hiyo imepinduliwa. Mcheza kwao hatuzwi, hatazamwi, hana jina katika kitabu cha klabu ambayo imejiita kwa lugha ya babu zake. Atatuzwa siku atakapochezea kwa watu, na wakati huo waliokuwa na haki ya kumtuza watanunua jezi yake kwa bei ya dukani. Mkuu wa usajili hana haja ya kutukanwa zaidi ya alivyokwisha kutukanwa. Apewe kalamu, apewe nauli ya kupanda Vugiri, na mwaka ujao aulizwe ameandika nini.